Unafanya Nini Kwanza?

Daktari Ombati tulimzika Nyaramba siku ya Alhamisi, pembeni mwa shamba lake la chai, na mvua ikawa na adabu ya kungoja mpaka mchungaji alipomaliza. Watu walipoanza kusogea kwenye mahema ya chakula, mjane wake, Mwalimu Bosibori, alinishika mkono akaniambia nisiende na wengine, niingie ndani, kuna mtu ananingoja. Nilimkuta Achieng' sebuleni, amekalia kile kiti cha karibu na dirisha alichokuwa akikipenda tulipokuwa wasichana, miguu ameikunja chini yake vile vile, ingawa sasa ni daktari wa figo anayeheshimika huko Eldoret na ana mvi asizojisumbua kuzificha. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi. Tulikumbatiana, tukalia kidogo, kisha tukaanza kucheka bila kujua ni nani aliyeanza, mpaka mama mmoja wa kanisa akachungulia mlangoni kuona ni akina nani hao wasiojua kuomboleza. Mwalimu Bosibori akamwambia atuache. Alituletea chai na viazi vitamu, akakaa nasi, na kwa muda tuliobaki pale hatukuzungumza juu ya kifo cha mumewe bali juu ya mwaka mmoja tu, ule mwaka tuliokuja katika sebule hii karibu kila Jumapili kujifunza namna ya kufikiri.

Nilikuwa nimerudi kutoka Urusi na shahada ya udaktari iliyoandikwa kwa herufi ambazo watu wa nyumbani hawakuweza kuzisoma. Ili nikubaliwe kuanza mafunzo ya kazi hospitalini, ilinibidi kwanza nifaulu mtihani wa leseni, na katika mtihani huo nilianguka sehemu ya magonjwa ya ndani ya watu wazima. Sikuanguka kwa kutosoma. Nilikuwa nimesoma mpaka macho yakawa yananiwasha. Kwenye sehemu ya mahojiano, mtahini alinieleza mgonjwa mmoja: mwanamume wa makamo anatapika damu, ngozi yake imepoa, mapigo ya moyo yanakimbia. Akaniuliza nitafanya nini. Nikaanza kumtajia kila ugonjwa unaoweza kumfanya mtu atapike damu, wa kawaida na wa nadra, na dalili za kila mmoja, na vipimo vya kuutofautisha na mwingine. Alinisikiliza kwa upole sana. Nilipokaribia kumaliza alitazama saa yake akasema, "Daktari, mgonjwa wako amekufa. Hukumwekea hata dripu." Sikumchukia yule mzee. Hata siku ile, nikiwa nashuka ngazi, nilijua kwamba amesema kweli. Kilichoniogofya ni kwamba sikujua ningesoma nini zaidi ili kweli hiyo ibadilike. Tuliambiwa nafasi za kurudia si nyingi, na mtu akizimaliza arudi darasani. Kwangu kurudi darasani kulimaanisha kurudi ng'ambo, na nyumbani hakukuwa na mtu mwenye nguvu za kunirudisha ng'ambo.

Achieng' alikuwa amesomea Uganda, naye ndiyo kwanza alikuwa anajiandaa kwa mtihani huo huo. Tulikutana katika hospitali moja ya mjini Kisii, ambako tulikubaliwa kufuata madaktari wodini kama watazamaji tu, bila kugusa mgonjwa wala kuandika dawa. Aliposikia kwamba ninalala kwa binamu yangu aliyekuwa na watoto wachanga, alinipeleka kwao siku hiyo hiyo. Mama yake alikuwa na duka la vitenge na mashuka mjini; walikuwa watu wa ziwani waliohamia Kisii kwa biashara wakabaki, na nyuma ya duka palikuwa na vyumba. Cha mwisho kabisa kikawa chetu. Kilikuwa na vitanda viwili, meza moja iliyojaa vitabu, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani, hivi kwamba hata saa sita mchana tuliwasha taa. Kilinukia vitambaa vipya. Mpaka leo nikipita mbele ya duka la vitenge na harufu ile ikanipiga, ninakuwa kama mtu aliyekumbuka kwamba hajamaliza kusoma.

Mama Achieng' alinichukua kama mtoto wa nyumbani kabla sijamaliza kunywa chai ya kwanza. Aliniita nyathina, yaani mwanangu kwa Kijaluo, na alikuwa na maoni kuhusu kila kitu nilichokula na nisichokula. Tulibishana sana juu ya mboga. Ile ambayo sisi Abagusii tunaiita chinsaga, yeye aliiita dek, na kila mmoja aliamini kwamba mwenzake hajui kuipika. Mimi nilisema haitiwi maziwa mengi hivyo, yeye akasema haichemshwi ikaiva mpaka ikakosa tabia. Tuliila na dagaa wa omena na ugali mgumu, mezani kati ya marobota ya vitambaa, huku wateja wakiita kutoka mbele na yeye akijibu kwa Kiswahili, Ekegusii au Kijaluo kutegemea sauti iliyoita. Alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka kadhaa. Hakuuzungumzia sana. Alimeza vidonge vyake kila asubuhi kwa uaminifu wa mtu anayesema sala, akasukumia kwa chai isiyo na sukari, akakunja uso, akaenda kufungua duka.

Daktari Ombati alitupata wodini. Alikuwa bingwa wa magonjwa ya ndani, mtu mrefu mwenye mwanya, aliyetembea polepole na kuzungumza polepole zaidi. Alimsikia Achieng' akijibu swali kabla halijaisha, akanisikia mimi nikishindwa kulijibu baada ya kuisha, akatualika kwake Nyaramba siku ya Jumapili. Yeye alikuwa Msabato, kwa hiyo Jumamosi hakufundisha wala hakufundishwa. Jumapili alikaa katika sebule ile yenye vitambaa vya kufuma kila mahali, sahani ya ndizi mbivu mapajani, akatueleza mgonjwa kidogo kidogo. Alisema kipande kimoja cha habari, akamenya ndizi, akauliza, "Unafanya nini kwanza?" Hakuuliza kamwe ni ugonjwa gani. Tukimtajia jina la ugonjwa alitikisa kichwa. Jina litakuja, alisema, na wakati mwingine haliji kabisa, na mgonjwa anapona bila jina. Alitaka kujua nini kinaweza kumuua huyu mtu kabla chai haijapoa, na kama kuna jambo dogo, la karibu, tunaloweza kufanya kulizuia.

Achieng' alikuwa mwepesi. Mgonjwa akishika kifua, yeye tayari ni moyo, tayari ametoa dawa, na kumbe ni mshipa mkubwa uliochanika na dawa ile ya kuyeyusha damu ndiyo ya mwisho aliyopaswa kupewa. Mimi nilikuwa bado naorodhesha. Jumapili moja Daktari aliweka sahani chini akatutazama kwa zamu, akasema kwamba kati yetu wawili mgonjwa hana bahati, kwa sababu Achieng' amemuua haraka na Kwamboka amemuua polepole. Tulicheka, Mwalimu Bosibori akacheka kutoka jikoni, lakini kicheko changu hakikuteremka vizuri. Baadaye nilibeba vikombe kuvipeleka jikoni, na kabla sijafika nikawasikia wakizungumza kwa Ekegusii, Daktari na mkewe. Mwalimu alimuuliza kama wasichana hawa watafaulu. Daktari akasema Achieng' atafaulu akijifunza kunyamaza kidogo.  Kuhusu mimi akasema kwamba najua magonjwa kuliko yeye alivyoyajua katika umri wangu, ila ninaogopa kuchagua, kwa sababu ninadhani anayechagua ndiye anayekosea, na asiyechagua hana kosa. Mwalimu akamuuliza kwa nini asiniambie. "Nikimwambia," Daktari akasema, "ataenda kukariri na hilo."

Nilirudi sebuleni na vikombe vyangu mkononi. Nilijifanya kwamba nimesahau njia ya jikoni. Nimewafundisha vijana wengi tangu wakati ule, wa mitihani hiyo hiyo, na kila mwaka ninamwona mmoja wao aliye kama mimi, mwenye kurasa nzima kichwani na mikono iliyokufa ganzi, na kila mwaka ninajiuliza kama nimwambie. Mara nyingi sisemi. Kuna mambo ambayo mtu akiambiwa anayageuza kuwa somo, na somo linakuwa mahali pengine pa kujificha.

Ilikuwa Agosti, majira ya makambi, Wasabato wa pande zote wakiwa wamekusanyika kwa juma zima la mahubiri. Mama Achieng' alikuwa na tumbo baya tangu katikati ya juma. Alihara, alitapika, akala uji kidogo na kuusukuma kando, lakini duka hakulifunga na vidonge vyake hakuviacha. Tulimwuliza kama atameza dawa nyingine za tumbo, akatuambia tusimfanye mtihani. Jumamosi nilitoka kanisani saa saba hivi, bado nimevaa nguo za Sabato, nikakuta watu wamejaa mlangoni mwa duka. Mama alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea marobota. Mdomo wake ulikuwa umelegea upande mmoja, mkono wa kulia umelala mapajani kama wa mtu mwingine, na maneno yaliyotoka hayakuwa ya lugha yoyote kati ya zile anazozijua. Achieng' alikuwa amepiga magoti mbele yake akimshika uso. Aliponiona alisema neno moja tu, kiharusi, na sauti yake haikuwa ya daktari bali ya mtoto.

Mambo yalianza kwenda haraka. Jirani wa duka la viatu alikuwa ameleta teksi. Achieng' alitaka tumpeleke Kisumu moja kwa moja, kwa sababu huko ndiko kulikuwa na mashine ya kupiga picha ya kichwa, na wote waliosimama pale waliona ni jambo la busara. Mwanamke mmoja alikuwa amefungua soda na kuipeleka mdomoni mwa Mama. Nilisikia kichwa changu kikianza kazi yake ya siku zote: kiharusi cha damu kuziba, kiharusi cha damu kuvuja, kifafa, malaria ya kichwani, uambukizo, chumvi mwilini kushuka, na kila kimoja na vipimo vyake. Wakati huo nikamgusa Mama shingoni ili nihesabu mapigo. Alikuwa amelowa. Jasho lilikuwa limepenya blauzi mpaka mgongoni, jasho baridi, na nje hakukuwa na jua. Nikakumbuka uji uliosukumwa kando na vidonge vilivyomezwa kila asubuhi.

Nilimwambia yule mama aondoe soda, kwa maana hakuwa anameza vizuri na ingeingia mapafuni. Nilimwambia Achieng' kwamba hatuendi Kisumu. Tunaenda pale kwenye kliniki ya chini ya barabara, tupime sukari kwanza. Achieng' alinitazama kana kwamba nimemtukana. Aliniuliza kama sioni mkono, kama sioni mdomo, na kama nitajibu iwapo mama yake atapoteza saa ambazo kichwa hakiwezi kuzirudisha.  Nilisema kwamba inawezekana ni kiharusi, sikatai, lakini sukari ikiwa imeshuka hawezi kufika Kisumu, na kuipima ni tone la damu tu. Sijui ni nini kilichomfanya akubali. Nadhani ni kwamba hakuwa amewahi kunisikia nikisema sentensi inayoisha.

Kliniki ile ilikuwa na vitanda vichache na afisa mmoja wa kliniki aliyeitwa Nyakundi, kijana aliyekuwa ameshinda peke yake kwa sababu wenzake walikuwa makambini. Alimpima Mama hata kabla hatujamlaza sawasawa. Sukari ilikuwa chini kiasi kwamba aliipima tena akidhani kimashine kimekosea. Akatafuta mshipa, akasukuma sukari ya maji polepole kwa bomba la sindano, na sisi tukasimama ukutani kama tulivyozoea, watazamaji. Kwanza vidole vya mkono wa kulia vikasogea. Kisha mdomo ukarudi mahali pake. Kisha Mama akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja, akauliza ni nani aliyebaki dukani.

Achieng' alikaa chini pale pale, kwenye sakafu ya saruji, akafunika uso kwa mikono yake. Nimeona watu wengi wakirudi tangu siku ile, na bado sijui furaha nyingine inayofanana na ile, ya kuona mtu anarudi ndani ya uso wake mwenyewe. Nyakundi alitabasamu, akaandika alichoandika, akasema Mama anywe chai yenye sukari, ale, aende nyumbani akapumzike, kwa kuwa kulikuwa na wagonjwa wengine nje wanaongoja kitanda. Mama alikwisha kuanza kutafuta viatu vyake. Achieng' alikwisha kuvishika. Kila mtu mle chumbani alitaka kwenda nyumbani, na mimi pia nilitaka.

Lakini kulikuwa na swali moja lililobaki. Dawa iliyoshusha sukari ilikuwa bado mwilini. Vidonge vya aina ile havitoki haraka, na mtu aliyehara na kutapika siku kadhaa huenda figo zake zimechoka na zinavitoa polepole zaidi. Sukari tuliyompa ingekwisha kabla ya dawa. Nilijua hayo yote, na nilijua vilevile kwamba mimi si daktari wa mtu yeyote, kwamba Nyakundi ana leseni na mimi sina, na kwamba nikikosea nitakuwa nimemnyima mgonjwa mwingine kitanda kwa ajili ya mawazo ya vitabuni. Nilitoka kwenye baraza nikampigia Daktari Ombati. Simu yake ilikuwa imezimwa, naye bila shaka alikuwa amekaa chini ya turubai huko makambini, Biblia mapajani. Nilipiga tena, halafu nikaitia simu mfukoni nikarudi ndani.

"Asiende nyumbani leo," nilimwambia Nyakundi.

Aliuliza kwa nini, bila ukali. Nilimweleza, na nilipomaliza nilinyamaza, jambo lililonigharimu sana, kwani nilitamani kuongeza labda, na huenda, na kwa upande mwingine. Mama akasema kwamba yeye ni mzima, ana duka, na hawezi kulazwa kwa sababu ya wasichana wanaojifunzia juu yake. Achieng' alikuwa ameshika viatu. Akanitazama, akamtazama mama yake, kisha akaviweka chini ya kitanda.

"Mama, tunabaki," akasema. "Kwamboka amesema tunabaki."

Nyakundi alifikiri kidogo. Alisema kwamba mimi si daktari bado, na kwamba nilichosema ni kweli. Akamtundikia dripu ya maji yenye sukari, akaagiza apimwe mara kwa mara, akawapanga wagonjwa wengine kwenye mabenchi. Mchana ukapita. Mama alikula wali kidogo, akatusimulia kwa urefu juu ya mteja aliyerudisha shuka baada ya kulilalia, akatulaumu kwa kupoteza Jumamosi nzima. Mwanga ulipoanza kuwa wa jioni, alikuwa katikati ya kisa kingine akakwama kwenye jina la mtu. Alilitafuta. Akapitisha kiganja kwenye paji la uso, na kiganja kikatoka kimelowa. Nyakundi alikuwa ameshafika na kimashine chake kabla sijamwita. Ilikuwa imeshuka tena, karibu sawa na mara ya kwanza, dripu ikiwa bado mkononi. Kama tungekuwa nyumbani tungedhani amechoka, tungemwacha alale.

Nyakundi alimsukumia sukari kwa mara ya pili. Mama aliporudi safari hii hakuuliza habari za duka. Alinitafuta kwa macho akanishika mkono, akaushikilia mpaka usingizi wa kawaida ulipomchukua, na Nyakundi akatuhakikishia kwamba ni usingizi tu. Alilazwa siku chache. Vipimo vilionyesha figo zimeumia kiasi, zikapata nafuu alipoanza kula na kunywa, na vidonge vile akabadilishiwa. Achieng' husema ndipo alipoanza kuzipenda figo. Mimi nakumbuka zaidi alfajiri ya Jumapili, tumelala kwa zamu kwenye benchi, aliponiambia kwamba angempeleka Kisumu. Alilisema bila kujihurumia. Nikamwambia kwamba nami ningekuwa bado nimesimama dukani nikihesabu magonjwa, kama nisingemgusa shingo. Tulitambua, nadhani kwa mara ya kwanza, kwamba ule mzaha wa Daktari haukuwa mzaha.

Yeye mwenyewe alikuja kumwona Mama makambi yalipoisha. Alisoma faili lote amesimama, akamsalimu Mama, akamsifu Nyakundi mbele yake. Kwangu hakusema sifa yoyote. Aliniuliza tu ningefanya nini kama sukari isingeshuka tena jioni ile, na Mama akalala kliniki bure. Nilifikiri. Nikamwambia ningefurahi. Akacheka, kicheko kirefu kilichofanya wagonjwa wa vitanda vya jirani wageuke, akasema Jumapili ijayo tuje na njaa.

Nilirudi kufanya mtihani miezi michache baadaye, Achieng' akiwa nami. Sehemu ya kuandika ilipita kama inavyopita. Kwenye mahojiano nilikuta watahini wawili nisiowajua, mwanamke na mwanamume. Mwanamke akanieleza kijana mwenye homa kali, shingo ngumu, ambaye ameanza kuweweseka. Mashine ya picha ya kichwa imeharibika, itatengenezwa kesho. Nifanye nini? Nilisikia ile orodha ikijipanga kichwani, ndefu na nzuri, nikaiacha isubiri. Nikasema nitamtoa damu ya kupimwa na kumpa dawa za kuua vijidudu hapo hapo, kwa mshipa, bila kungoja picha, kwa sababu ninahofia homa ya uti wa mgongo. Mwanamume akauliza, je, kama si hiyo?

"Basi nitakuwa nimempa dawa asiyoihitaji, na kesho nitaiacha," nilisema. "Nikikosea upande ule mwingine, kesho hayupo."

Aliandika kitu. Mwanamke akanipa mgonjwa wa pili, halafu wa tatu, na kwa mmoja wao sikujua kabisa ana nini, nikasema hivyo, nikaeleza nitamlinda vipi wakati naendelea kutafuta. Nilipotoka, Achieng' alikuwa koridoni. Hakuniuliza imekuwaje. Alisema nina rangi ya mtu aliyekula.

Matokeo yalitoka siku ya soko. Sote wawili tulikuwa tumefaulu. Mama Achieng' alisikia akiwa anapima kitenge, akakata zaidi ya alichoagizwa, akamwambia mteja achukue tu, kilichozidi ni sadaka. Daktari Ombati nilimpigia simu, na safari hii aliipokea. Nilimwambia nimefaulu. Nikamsikia akimwita Mwalimu Bosibori kwa mbali, kisha akaniambia kwamba sasa mtihani umeisha, naweza kuanza kujifunza. Wakati ule niliona ni maneno ya mzee. Tulipokuwa sebuleni kwake siku ya mazishi, Achieng' aliniambia kwamba aliambiwa hayo hayo, na kwamba mpaka leo, akisimama mbele ya kitanda asijue la kufanya, maneno hayo humtuliza kuliko yote aliyowahi kuyasoma.

Nilipangiwa Nyamira kuanza mafunzo ya kazi. Asubuhi ya kwanza nilifika mapema mno, koti jeupe bado lina mikunjo ya dukani, nikasimama mlangoni mwa wodi ya wanaume nisijue niingilie wapi. Mama mmoja aliyekuwa ametoka Nyansiongo na mumewe mgonjwa aliniona. Alikuwa amekaa kitandani miguuni pa mzee huyo, mkoba kifuani, amechoka kwa safari. Aliitazama mikono yangu mitupu, akaitazama sura yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa Ekegusii, kama asiyetaka kunivunjia heshima endapo amekosea, kama ni mimi daktari.

"Ni mimi," nikamwambia, nikavuta kiti nikaketi.